Elimu ya Ng'ombe Hupatikana Zizini

Mafunzo ya Mikono kwa Wafugaji: Kupe, Josho, Ndama na Maziwa

Watu wengi hudhani ya kuwa kufuga ng'ombe ni jambo ambalo kila mtu huzaliwa akilijua. Husema, "Baba zetu walifuga bila kwenda shule, nasi tutafuga vivyo hivyo." Maneno hayo yana ukweli kidogo, maana wazee walikuwa na ujuzi mwingi wa malisho, wa maji na wa tabia ya ng'ombe. Lakini ng'ombe wa leo si wote walio kama wale wa zamani. Mtamba wa gredi hutoa maziwa mengi kuliko ng'ombe wa kienyeji, lakini hana nguvu ya kuvumilia maradhi ya nchi za joto. Mtu akimleta nyumbani bila kujifunza namna ya kumtunza, ni kama mtu anunuaye baiskeli asijue kuipanda. Tofauti ni kwamba baiskeli ikianguka hutengenezwa, na ng'ombe akifa hafufuki.

Tuchukue mfano wa mama mjane aliyeweka akiba ya chai yake kwa miaka kadhaa, akanunua mtamba mmoja mwenye mimba. Alimjengea kibanda kizuri, akampa majani na maji. Asubuhi moja alimkuta amesimama peke yake, masikio yamelala, majani hayakuguswa. Jirani mmoja akamwambia, "Mama, usihangaike. Ni jua tu, kesho atakula." Kesho yake hakula. Siku ya tatu alianza kuhema kwa shida, na siku chache baadaye povu jeupe likamtoka puani, akafa, yeye na ndama aliye tumboni. Akiba yote ya yule mama ikafukiwa shimoni. Hapakuwa na mtu pale aliyetia mkono chini ya sikio la ng'ombe yule siku ya kwanza. Kama angekuwapo, huenda angegundua mapema, na daktari angeitwa wakati dawa ingali na nguvu.

Somo hili ni juu ya mkono huo: mkono uliofundishwa.

KWA NINI MAFUNZO NI YA MIKONO

Mtu aweza kusoma kitabu kizima juu ya kukamua na bado asiweze kutoa kikombe kimoja cha maziwa. Aweza kukariri majina ya magonjwa yote, na bado apigwe teke na ng'ombe wa kwanza anayemkaribia. Ndiyo maana katika vyuo vya mifugo mwanafunzi hutolewa darasani akapelekwa zizini. Huamka alfajiri kukamua, hufagia samadi, hushika kamba, hupima joto la mwili, husimama kwenye josho wakati ng'ombe wanapopita. Wako wanafunzi wanaoona haya mwanzoni, wakisema kwamba hawakusoma ili washike samadi. Lakini methali yasema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Asiyeinama chini ya ng'ombe hatajua habari za kiwele chake.

Kenya ina historia ndefu katika kazi hii. Maabara ya mifugo ya Kabete ilianzishwa mwaka 1910. Katika siku za ukoloni wakulima wa Kiafrika wengi walizuiwa wasifuge ng'ombe wa gredi, na ilikuwa baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ndipo mlango ulipofunguliwa zaidi, na wakulima wadogo wa nyanda za juu wakaanza kuwanunua. Hapo ndipo haja ya mafunzo ilipokuwa kubwa, maana mtu aliyezoea ng'ombe wa kienyeji alipewa mnyama mwingine kabisa.

ADUI MKUBWA: KUPE WA SIKIO

Katika nchi za Afrika ya Mashariki, ugonjwa uuao ng'ombe wa gredi kwa wingi ni ndigana kali. Huletwa na kijidudu kidogo mno kisichoonekana kwa macho, kikaacho ndani ya damu na ndani ya tezi za ng'ombe. Kijidudu hicho hakiendi chenyewe kutoka kwa ng'ombe mmoja hadi mwingine. Huchukuliwa na kupe wa rangi ya kahawia apendaye kukaa ndani ya sikio.

Yafaa kila mfugaji ayajue maisha ya kupe huyo, kwa sababu anayemjua adui yake hujua mahali pa kumpigia. Kupe jike hushiba damu, huanguka chini, hutaga maelfu ya mayai katika majani, kisha hufa. Mayai huanguliwa yakawa kupe wadogo sana wenye miguu sita. Hao hupanda juu ya mnyama, hunyonya, huanguka, hujivua ngozi wakawa wakubwa zaidi, wenye miguu minane. Hao nao hupanda juu ya mnyama wa pili, hunyonya, huanguka, hujivua tena wakawa kupe kamili. Kisha hupanda mara ya tatu. Basi kupe mmoja hunyonya wanyama mara tatu maishani mwake, na kila mara hushuka chini.

Kupe akinyonya ng'ombe mwenye ugonjwa angali mdogo, hubeba kijidudu mwilini mwake, na akipanda juu ya ng'ombe mwingine baada ya kujivua, humtia ugonjwa. Mama hampi mtoto ugonjwa huu kwa njia ya mayai. Kila kupe huupata mwenyewe kwa kunyonya.

Tena liko jambo la kuangaliwa sana. Kupe akiisha kuuma, hatii ugonjwa papo hapo. Vijidudu vilivyo katika mate yake huhitaji siku tatu au zaidi za kunyonya ndipo viive na kuingia kwa wingi katika ng'ombe. Nafasi hiyo ya siku chache ndiyo mlango wetu. Kupe akiuawa kabla ya siku hizo kwisha, ng'ombe amepona bila kuugua. Josho zote za nchi zimejengwa juu ya ukweli huu mmoja.

SOMO LA KWANZA: KUMSHIKA NG'OMBE

Kazi zote huanza hapa. Mwanafunzi hufundishwa kwanza kumkaribia ng'ombe kwa utulivu, akisema naye kwa sauti ya chini ili asishtuke. Asimjie kutoka nyuma moja kwa moja, kwa maana hapo hamwoni vizuri, naye hupiga teke kwa hofu. Amkaribie upande wa bega, aweke mkono mgongoni, kisha apeleke mkono polepole shingoni na kichwani.

Fimbo haimfundishi ng'ombe lolote ila woga. Ng'ombe wa maziwa aliyepigwa huzuia maziwa yake, na yule anayeogopa josho hurukia ndani vibaya akavunjika mguu. Kwa kazi ya chanjo na ya kupima, hujengwa uchochoro mwembamba wa mbao ambamo ng'ombe husimama bila kugeuka. Miti michache na misumari yatosha. Gharama yake ni ndogo kuliko gharama ya mbavu za mtu.

SOMO LA PILI: KUKAGUA KWA MACHO, KWA VIDOLE NA KWA KIPIMO

Ng'ombe hana kinywa cha kusema anaumwa wapi. Basi sharti mfugaji asome mwili wake kila siku, kama mtu asomavyo barua.

Kwanza, macho. Atazame kama ng'ombe anakula na kucheua, kama pua ina unyevu, kama masikio yamesimama, kama kinyesi ni cha kawaida, kama anatembea pamoja na wenziwe. Ng'ombe anayejitenga ana neno la kusema.

Pili, vidole. Afunue sikio na kutazama ndani yake mpaka chini, maana huko ndiko kupe wa kahawia hujificha. Atazame pia chini ya mkia, baina ya miguu na kwenye kiwele. Kisha apapase tezi iliyo chini ya sikio na ile iliyo mbele ya bega. Mwanafunzi huambiwa apapase ng'ombe wazima wengi kwanza, ili vidole vyake vizoee ukubwa wa tezi ya mnyama asiye mgonjwa. Asiyejua uzima hawezi kuujua ugonjwa. Katika ndigana kali, tezi ya chini ya sikio ndiyo aghalabu huvimba kwanza, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu na mahali kupe alipouma.

Tatu, kipimajoto. Kitikiswe mpaka kishuke, kipakwe mafuta kidogo, kiingizwe taratibu katika njia ya haja kubwa na kuegemezwa pembeni, kingoje dakika mbili. Ng'ombe mzima huwa na joto la digrii 38 na nusu hivi, na laweza kuzidi kidogo mchana wa jua kali. Likifika 40 au kupita, na tezi zimevimba, mfugaji asingoje kesho. Tangu kupe aume hadi homa ianze huwa kadiri ya siku 10 hadi 15, lakini homa ikiisha kuanza mambo huenda mbio. Ziko dawa za kutibu ndigana kali, nazo husaidia sana zikitolewa mapema. Zikichelewa, mapafu yakijaa maji, hufanya kazi ndogo na fedha imekwisha kutumika.

Hapo ndipo yule mama mjane alipopotewa na mali yake. Hakukosa mapenzi kwa ng'ombe wake, alikosa vidole vilivyofundishwa.

SOMO LA TATU: JOSHO NA BOMBA

Kazi ya josho huonekana nyepesi: ng'ombe huingia upande huu, hutoka upande ule. Lakini josho lililoharibika ni baya kuliko kukosa josho, kwa kuwa mwenye ng'ombe hurudi nyumbani akiamini kwamba amelindwa.

Mambo haya hufundishwa kwa vitendo:

1. Ng'ombe wanyweshwe maji kabla ya kufika, wasije wakanywa dawa kwa kiu. Wapumzishwe kwanza kama wametoka mbali.

2. Wapitishwe katika kisima kidogo cha kuoshea miguu, ili matope yasiingie joshoni. Matope hula nguvu ya dawa.

3. Dawa huzama chini josho likilala. Basi likorogwe vizuri, na ng'ombe wa kwanza warudishwe wapite mara ya pili, maana mara ya kwanza wameoga maji mepesi.

4. Kazi ifanywe asubuhi, nayo isifanywe mvua ikinyesha au ikiwa karibu kunyesha, kwa kuwa mvua huosha dawa mwilini.

5. Baada ya kutoka, ng'ombe wasimame kidogo mahali pa sakafu ili maji yanayochuruzika yarudi joshoni.

Jambo kubwa kuliko yote ni hesabu. Tuseme josho lina lita 15,000, na ng'ombe wa wiki hiyo wameondoka na lita 1,000 katika manyoya yao. Mlinzi mvivu hujaza lita 1,000 za maji matupu na kusema, "Josho limejaa." Akifanya hivyo mara tano, nguvu ya dawa imeshuka chini ya robo tatu ya ile ya mwanzo, hata kama hakuna kitu kingine kilichoipunguza. Tena vitu vingine vipo: manyoya hunasa dawa nyingi kuliko maji, na matope huinasa pia. Kwa sababu hiyo dawa ya kujazia, kwa dawa nyingi, huwa kali kuliko ile ya mwanzo, nayo hufuatwa kadiri ya maandishi ya chupa. Lazima pawe na kijiti chenye alama za kupimia kina cha josho, na daftari la kuandika lita zilizotoka na dawa iliyotiwa.

Dawa hafifu ina hatari nyingine. Haiwaui kupe wote; huwaua wadhaifu, na wale wenye nguvu hubaki kuzaa. Miaka ikipita, watoto wao hawaijali dawa hiyo tena. Ndivyo ilivyokuwa kwa arseniki iliyotumiwa katika josho za zamani: kupe waliizoea, ikabidi dawa nyingine zitafutwe, na hizo nazo zikazoewa mahali pengi. Kwa hiyo mtu apunguzaye dawa ili aokoe senti chache huwafuga kupe wasiokufa, tena huwagawia jirani zake.

Mfugaji mwenye ng'ombe mmoja au wawili aweza kutumia bomba la mkono. Maandishi ya chupa yakisema kipimo 1 cha dawa kwa vipimo 500 vya maji, basi bomba la lita 20 hutiwa mililita 40 za dawa. Zipimwe kwa chombo cha kupimia, si kwa kifuniko wala kwa kukisia. Aanze na mahali kupe wapendapo: ndani ya masikio, chini ya mkia, baina ya miguu, tumboni, ndipo amalizie mgongoni. Ng'ombe alowe mpaka maji yachuruzike. Mtu mwenyewe avae glavu na buti, asimame upande utokao upepo, asile wala kuvuta sigara akiwa kazini, na akimaliza anawe kwa sabuni. Chupa tupu isitumiwe kamwe kuwekea maziwa au maji ya kunywa.

Je, josho liwe mara ngapi? Turudi kwenye zile siku tatu. Dawa nzuri hukaa katika manyoya kwa siku chache baada ya josho, na kupe apandaye baada ya dawa kuisha huhitaji siku nyingine tatu hivi kabla ya kutia ugonjwa. Ukizijumlisha utaona kwa nini josho la kila wiki ndilo desturi, na kwa nini mahali penye kupe wengi na wakati wa mvua huagizwa mara mbili kwa wiki. Anayeruka wiki moja amemfungulia adui mlango.

Katika miaka ya 1990 josho nyingi za Kenya ziliachwa mikononi mwa wananchi na kamati zao. Palipokuwa na watu waliojua hesabu hii, josho ziliendelea. Pengine pote zilikauka, zikaota nyasi.

SOMO LA NNE: NDAMA NA MAZIWA

Ndama azaliwapo hana kinga ya maradhi. Kinga yake imo katika dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza. Tumbo la ndama huweza kuipokea vizuri katika saa chache tu za mwanzo. Kwa hiyo ayapate mapema, yasipite saa sita. Katika siku hiyo ya kwanza apewe kadiri ya sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Ndama wa kilo 30 apewe lita 3, kwa mafungu. Wako watu wamwagao dang'a wakidhani ni uchafu. Hao humwaga uhai wa ndama.

Katika kukamua, mwanafunzi hunawa mikono, huosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, hukikausha kwa kitambaa safi, kila ng'ombe na kitambaa chake. Matone ya kwanza huyakamulia katika kikombe chenye kitambaa cheusi juu yake. Yakionekana madonge, huo ni ugonjwa wa kiwele, na maziwa hayo yasichanganywe na mengine. Ng'ombe mgonjwa akamuliwe mwisho. Chuchu ishikwe kwa kiganja kizima na kubanwa kutoka juu kwenda chini. Isivutwe, maana kuvuta huijeruhi. Tena kazi iwe ya haraka, kwa kuwa ng'ombe akiisha kuyaachia maziwa, nafasi ni ya dakika chache tu, halafu huyafunga. Ng'ombe aliyetiwa dawa ya sindano, maziwa yake yasiuzwe wala kunywewa mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa zipite.

SOMO LA TANO: DAFTARI

Methali yasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kila ng'ombe awe na ukurasa wake: siku aliyozaliwa, siku ya kupandwa, siku za josho, chanjo, maradhi na dawa, na maziwa ya kila siku. Daftari la senti chache humwonyesha mfugaji ng'ombe anayelipa na yule anayekula bure. Tena daktari afikapo, daftari humweleza yale ambayo mwenye ng'ombe amekwisha kuyasahau.

CHANJO IPO, LAKINI MIKONO BADO YAHITAJIWA

Wataalamu wa Muguga, karibu na Nairobi, walifanya kazi kubwa juu ya ndigana kali. Kutoka huko ilipatikana chanjo ya namna ya pekee: ng'ombe hutiwa vijidudu hai vya ugonjwa wenyewe, na wakati uo huo hupigwa sindano ya dawa izuiayo ugonjwa usizidi. Hivyo mwili hujifunza kupigana. Chanjo hii imewasaidia wafugaji wengi, hasa Wamasai wa Tanzania ya kaskazini. Lakini hutunzwa katika baridi kali mno na hutolewa na mtu aliyefundishwa. Tena haizuii magonjwa mengine yaletwayo na kupe. Aliyechanja ng'ombe wake asilisahau josho bila shauri la daktari.

Mfano mwingine watutia moyo. Sotoka ndiyo iliyoangamiza mifugo ya Afrika mwishoni mwa karne ya 19. Chanjo iliyotengenezwa na Walter Plowright na wenzake hapa Kenya, pamoja na kazi ya maelfu ya watu walioshika ng'ombe mmoja mmoja na kuwachoma sindano, iliimaliza. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imekwisha duniani. Chanjo ilitoka katika maabara, lakini ushindi ulipatikana maporini, kwa mikono iliyojua kazi.

MAHALI PA KUJIFUNZA

Kijana atakaye kuwa msaidizi wa mifugo aweza kujifunza katika vyuo vya afya ya mifugo vya Kabete, Ndomba na Nyahururu. Atakaye kazi ya maziwa aulizie chuo cha maziwa cha Naivasha. Mkulima asiyeweza kuacha shamba lake aulize katika chuo cha wakulima kilicho karibu naye, au amwendee Bwana Mifugo wa mahali pake. Asione haya kwa umri wake, wala mama asidhani kwamba kazi hii ni ya wanaume tu. Katika nyumba nyingi mama ndiye akamuaye na ndiye alishaye ndama. Basi yeye ndiye astahiliye kufundishwa kwanza.

Na jirani aliyekwisha kujifunza asiufiche ujuzi wake. Siku atakapomwona ng'ombe wa mwenzake amelaza masikio, asiseme, "Ni jua tu." Aingie zizini, aweke mkono chini ya sikio, apime joto, kisha aseme, "Mama, tumwite daktari leo." Neno hilo moja laweza kuokoa akiba ya miaka mingi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kupe wa sikio hunyonya wanyama mara ngapi maishani mwake, na huupata ugonjwa kwa njia gani?
2. Kwa nini josho la kila wiki huweza kuzuia ndigana kali?
3. Bomba lako ni la lita 15, na chupa yasema kipimo 1 kwa vipimo 500. Utatia mililita ngapi za dawa?
4. Taja tezi mbili ambazo mfugaji hupapasa, na useme ni ipi huvimba kwanza.
5. Ndama wa kilo 35 apewe dang'a kiasi gani siku ya kwanza?

Aliyejibu yote na aende sasa zizini akajaribu kwa mikono yake.